Kidonda hakikaushwi kwa kapsuli

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tulizungumzie neno moja tu: kukausha. Simama robo saa mbele ya duka la dawa hapa Tanga, iwe Ngamiani, Makorora au Pongwe, utalisikia. "Nipatie dawa ya kukausha kidonda." Mara nyingi muuzaji haulizi kidonda kiko wapi, kina siku ngapi, kimetokana na nini. Anafungua kopo, anahesabu kapsuli za rangi mbili, nane za kumeza na mbili za kufungua ili unga wake unyunyizwe juu ya kidonda. Mteja anashukuru, anaondoka.

Sisi tunaoandika kazi yetu ni vidonda: wauguzi wa chumba cha kusafishia vidonda pamoja na mfamasia. Neno hilo moja limebeba makosa mawili, kwamba kidonda kizuri ni kidonda kikavu, na kwamba antibayotiki ndiyo inayokikausha.

Tuanze na la pili. Antibayotiki ina kazi ya kuua bakteria au kuwazuia wasizaane, basi. Haioteshi nyama, haileti damu, haifungi ngozi. Hayo hufanywa na mwili, na mwili una ratiba yake. Dakika za kwanza damu inaganda. Kisha mpaka siku ya tatu au ya nne eneo linavimba, linakuwa jekundu, lina joto, linauma, kwa sababu mishipa imepanuka kupitisha chembe nyeupe za damu zije kula uchafu na bakteria. Kuanzia siku ya nne hivi hadi wiki ya tatu nyama changa inaota, nyekundu, yenye vinundu vidogo kama punje za komamanga, na ngozi mpya inatambaa kutoka kingoni kuelekea katikati. Baada ya hapo nyuzi za kolajeni, protini inayoipa ngozi nguvu, zinapangwa upya, kazi inayoweza kuchukua mwaka mzima.

Mshono ulioonekana umefunga vizuri una nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Wiki ya kwanza ikiisha haujafikia hata asilimia 10 ya nguvu ya ngozi nzima. Wiki ya tatu uko kwenye asilimia 20 hadi 30. Baada ya miezi mitatu unakaribia asilimia 80, na haupandi sana zaidi ya hapo. Ndiyo maana nyuzi za usoni hutolewa siku ya tano hivi, za mguuni zikaachwa hadi siku ya kumi au ya kumi na nne, na ndiyo maana mvuvi aliyetolewa nyuzi leo hatakiwi kuvuta nanga kesho, hata kama dozi ameimaliza yote. Hakuna kapsuli inayofupisha ratiba hiyo.

Sasa tazama jinsi kapsuli zinavyojizolea sifa zisizo zao. Mtu amejikata Jumatatu. Jumatano anaona wekundu na uvimbe, anasema kidonda kimeingia maji, anakimbilia dukani. Ijumaa uvimbe umeshuka. Ungeshuka hata angekunywa uji mtupu, maana siku za uvimbe zilikuwa zimekwisha, lakini kuanzia hapo yeye na jirani zake wote wanaamini kapsuli. Njia ya kutofautisha ni rahisi. Chukua kalamu ya wino, chora mstari kuzunguka mwisho wa wekundu, andika saa. Baada ya saa 24 tazama tena. Wekundu uliobaki ndani ya mstari au kurudi nyuma, na maumivu yanayopungua, ni kazi ya mwili. Wekundu uliovuka mstari, maumivu yanayozidi siku hadi siku badala ya kupungua, usaha mzito, harufu, homa ya nyuzi 38 na zaidi, au mstari mwekundu unaopanda kuelekea kinenani au kwapani, hayo ni maambukizi, na hapo antibayotiki ina kazi ya kufanya. Ute mwembamba wa rangi ya maji au manjano hafifu si usaha. Ule utando wa manjano unaong'ang'ania juu ya nyama nao mara nyingi si usaha, ni mabaki ya chembe zilizokufa na protini za damu, na hautoki kwa kumeza kitu. Unatoka kwa kuloweshwa na kusafishwa.

Kuhusu ukavu, jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1962 mtafiti George Winter, huko Uingereza, alionyesha kwa majeraha madogo kwenye ngozi ya nguruwe kwamba yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yalifunga ngozi karibu mara mbili ya kasi ya yale yaliyoachwa wazi yakaweka kigaga. Chembe za ngozi zinatambaa juu ya unyevu. Kukiwa na kigaga inabidi zichimbe njia chini yake. Unyevu tunaousema si kuroweka: gozi, kile kitambaa cha kufungia kidonda, ikilowa chepechepe hulainisha ngozi ya pembeni mpaka ikawa nyeupe na kukunjamana kama vidole vya dobi, nayo ikiwa hivyo inachanika. Kidonda kifunikwe, gozi ibadilishwe inapolowa, basi.

Unga wa kapsuli ndio unaotuchosha zaidi. Ndani ya kapsuli hamna dawa peke yake. Mna wanga, ulanga wa viwandani na viambata vingine vilivyotengenezwa viyeyuke tumboni, si kwenye nyama. Unga huo ukikutana na ute wa kidonda unaganda kama saruji. Juu panaonekana pakavu, mwenye kidonda anafurahi, kumbe chini usaha umefungiwa. Chembechembe za ulanga zisizoyeyuka mwili unazichukulia kama kitu kigeni, unaendelea kupigana nazo, na uvimbe unaotakiwa uishe siku ya nne unaendelea wiki mbili. Muuguzi akitaka kuutoa inabidi aloweshe dakika 15 hadi 20, na bado ngozi mpya hubanduka nao. Dawa yenyewe inayeyuka pale juu kwa kiwango ambacho hakuna anayekijua, kisha inaoshwa na ute. Bakteria walio chini zaidi wanaonja kidogo tu, kiasi cha kujifunza, si cha kufa. Zaidi ya hayo, penisilini na ndugu zake zikipakwa kwenye ngozi iliyochubuka ni hodari wa kuuzoesha mwili mzio. Ndiyo sababu madaktari waliacha kutumia marhamu za penisilini miongo mingi iliyopita. Mtu anaweza kunyunyiza unga leo, akaja kupata mzio mkali siku atakapochomwa sindano ya penisilini kwa ugonjwa mwingine kabisa.

Watoto wa tohara wakati wa likizo ya Desemba ndio wanaoathirika sana na unga huu, kwa sababu sehemu yenyewe ni laini na ina unyevu. Unga unashikana na nyuzi, kigaga kinakuwa kigumu kama ganda la koa, kila mtoto akikojoa kinapasuka. Tohara iliyofanywa kwa usafi haihitaji unga. Bandeji ya kwanza hutolewa baada ya saa 24 hadi 48, kama mtoa huduma alivyoelekeza, kisha ni kuosha taratibu kwa maji safi na sabuni laini na kuvaa nguo safi isiyobana.

Kuna mahali pamoja ambapo vidonge vilivyosagwa vina heshima yake, nasi hatutaki kuonekana tunafunika. Kidonda cha saratani kilichopasuka na kunuka kinaweza kunyunyiziwa metronidazole iliyosagwa, kwa maelekezo ya wahudumu wa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, kwa sababu bakteria wanaoleta ile harufu ni wale wasiopenda hewa na dawa hiyo inawaweza. Lengo pale ni kumwondolea mgonjwa aibu ya harufu, wala hakuna anayedai kwamba kidonda kitafunga.

Tuje kwenye za kumeza. Kapsuli inayonunuliwa zaidi kwa ajili ya kidonda ni amoksilini. Bakteria anayeongoza kuharibu vidonda vya ngozi ni stafilokokasi, na stafilokokasi walio wengi hutoa kimeng'enya kinachoivunja amoksilini kabla haijawagusa. Kwa maneno mengine, mtu anakula dozi nzima, tumbo linamwendesha, na mhusika yupo palepale. Dawa inayostahimili kimeng'enya hicho ni kloksasilini na jamii yake. Wengine wanasema basi tunywe ile ya mchanganyiko wa ampisilini na kloksasilini. Soma ubavuni mwa boksi: kapsuli ya miligramu 500 ina 250 za ampisilini, ambayo inavunjwa kama amoksilini, na 250 tu za kloksasilini. Kwa stafilokokasi umelipia kapsuli nzima ukapata nusu. Kloksasilini yenyewe humezwa tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula, jambo ambalo haliandikwi kwenye kile kibahasha cha kaki. Na kwa maambukizi madogo ya ngozi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni siku 5. Siku mbili hazitoshi. Siku kumi na nne "ili kikauke kabisa" ni sumu ya bure.

Baadhi ya antibayotiki zinagusa nyama yenyewe, na hili halisemwi kabisa. Siprofloksasini ndiyo ya kwanza kutajwa. Inazifanya chembe za kano zipunguze kutengeneza kolajeni na kuongeza vimeng'enya vinavyoikata. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru dawa za jamii hii ziwekewe onyo lake kali zaidi, kwamba zinaweza kusababisha kano kuvimba hata kukatika, hasa kano ya kisigino. Hatari inaongezeka kwa wenye umri zaidi ya miaka 60 na kwa wanaotumia steroidi, dawa za kuzuia uvimbe. Sasa mtu amekatwa na panga kwenye kiganja, kano imeshonwa, halafu jirani anampa siprofloksasini zilizobaki za mkojo mchafu. Ni kama kumwajiri fundi aje kujenga ukuta huku mwenzake akichomoa matofali kwa nyuma. Atakayesikia maumivu ya ghafla ya kisigino au bega akiwa kwenye dawa hiyo aiache, apumzishe kiungo, arudi kwa aliyemwandikia.

Doksisaiklini iko upande wa pili. Yenyewe inapunguza makali ya vimeng'enya vinavyokata kolajeni, na kwa ugonjwa wa fizi imewahi kutengenezewa vidonge vya miligramu 20, kiwango kisichoua bakteria, kwa sababu hiyo tu. Msomaji asikimbilie kusema basi hiyo ndiyo dawa ya vidonda. Wajawazito na watoto wadogo hawapewi hivihivi kwa sababu ya meno na mifupa, na ukiinywa na maziwa, vidonge vya kuongeza damu au vya zinki inashikana navyo tumboni, na sehemu yake ikatoka ilivyoingia. Siprofloksasini nayo ni hivyohivyo. Vidonge vya kuongeza damu vinywewe mbali nayo: siprofloksasini kwanza, angalau saa mbili kabla, au saa sita baada yake.

Za kupaka nazo zina mambo yake. Neomaisini, iliyomo kwenye marhamu na poda nyingi, inajulikana kwa kuleta mzio wa ngozi. Eneo linawasha, linatoa vipele vya maji, linakuwa jekundu, na mwenye kidonda anadhani maambukizi yamezidi, anapaka zaidi. Ukiona wekundu umefuata umbo la mahali ulipopaka, acha kupaka. Halafu kuna yale matyubu ya tatu kwa moja, yenye antibayotiki, dawa ya fangasi na steroidi kwa pamoja. Steroidi inazuia uvimbe, na tumeshasema uvimbe wa siku za mwanzo ndio unaowaita wafanyakazi. Kidonda kinatulia, maumivu yanapungua, nyama haioti. Tyubu hizo hazifai kupakwa kwenye kidonda kilicho wazi, hata liandikwe nini kwenye boksi.

Ile krimu nyeupe ya majeraha ya moto, yenye fedha na salfa, inatoa utando wa kijivujivu juu ya jeraha unaoficha hali ya chini, na tafiti zimeionyesha ikichelewesha ngozi kufunga ikilinganishwa na vifunikio vipya. Abiria wa bodaboda aliyeungua shavu la mguu kwenye ekzosi, jeraha dogo la juujuu, haihitaji. Anahitaji maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, na hata akichelewa, ndani ya saa tatu za kwanza yana faida. Kisha gozi yenye mafuta isiyoshika nyama. Dawa ya meno, yai na majivu viachwe jikoni na bafuni.

Spiriti na haidrojeni peroksidi si antibayotiki, lakini zinaingia hapa kwa sababu zinatumika kwa imani ileile. Povu la peroksidi linapendeza macho, nalo linaua chembe changa za nyama pamoja na bakteria. Alexander Fleming, yule aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alitibu majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza huko Ufaransa, na tayari wakati ule alionya kwamba dawa kali zinazomiminwa kwenye majeraha yenye mashimo zinaua chembe nyeupe za damu huku bakteria wa kwenye pembe za ndani wakisalimika. Zaidi ya miaka 100 imepita, na spiriti bado inamiminwa.

Swali ambalo mtu mwenye kidonda kisichopona anapaswa kujiuliza ni hili: mle ndani mna nini ambacho dawa haikifikii? Antibayotiki inasafiri kwa damu. Nyama mfu haina damu, kwa hiyo dawa haifiki. Usaha wa jipu umezungushiwa ukuta, dawa inafika kidogo mno. Jipu hupasuliwa, likatoka, na mara nyingi ndiyo tiba yote. Bakteria wa kidonda cha muda mrefu hujijengea utando wa ute unaowakinga, na ukikwanguliwa leo unaweza kurudi baada ya siku moja hadi tatu, ndiyo maana usafishaji unarudiwa.

Na kuna vitu vigeni. Huku kwetu mkonge uko tangu 1893, na ncha ya jani lake ni mwiba mweusi mgumu unaokatikia ndani. Mkata mkonge wa Korogwe au Muheza anaweza kuwa na kitundu kidogo kwenye kidole, kinafunga, kinavimba, kinatoa usaha, kinafunga tena, miezi miwili, akinywa kila mara kapsuli tofauti. Kila dozi inapunguza usaha wiki moja, mwiba unabaki. Picha ya kawaida ya eksirei mara nyingi haiuoni kwa sababu ni mti. Ultrasaundi ndiyo inayouonyesha. Ukitoka, kidonda kinafunga chenyewe.

Mwiba wa yule samaki aitwaye taa ni habari nyingine, na hapo sisi tunaolaumu antibayotiki tunageuka watetezi wake. Kwanza maumivu: sumu yake ni protini inayoharibiwa na joto, kwa hiyo mguu utumbukizwe kwenye maji ya moto kadiri mtu anavyostahimili, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Mtu mwingine apime maji kwa mkono wake, kwa sababu mguu wenye maumivu hauhisi vizuri moto. Kisha aende hospitali. Jeraha ni jembamba na refu, vipande vya mwiba vinabaki, na maji ya bahari yenye joto kama yetu yanaishi bakteria wa jamii ya vibrio. Mtu mwenye ugonjwa wa ini au kisukari akijeruhiwa baharini, kisha mguu ukavimba haraka na kutoa malengelenge yenye damu, asisubiri asubuhi. Hiyo ni ya usiku uleule, na amoksilini ya dukani si ya kutegemea.

Kung'atwa pia. Jeraha la mbwa lioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15 kwa kutazama saa, kabla ya kitu kingine chochote, kisha kituo cha afya kwa chanjo ya kichaa cha mbwa na pepopunda. Meno ya mbwa, paka au binadamu yakiingia kwenye mkono, antibayotiki hutolewa hata kabla ya dalili, kwa kawaida amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti, siku 3 hadi 5. Kinachofanya kazi pale ni ile klavulaneti inayokizuia kimeng'enya tulichokitaja. Majeraha haya mara nyingi hayashonwi papo hapo. Mgonjwa asilazimishe nyuzi.

Kidonda cha mguu cha mwenye kisukari kinataka aya yake, na tunasikitika kwamba ndicho kinachouziwa kapsuli nyingi kuliko vyote. Kama hakina dalili za maambukizi, antibayotiki haikisaidii lolote. Miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari inasema wazi isitolewe. Kinachokizuia kupona ni mgandamizo. Mtu hahisi maumivu, kwa hiyo anakikanyaga mara elfu kadhaa kwa siku. Kiatu kinachoondoa uzito pale, sukari iliyoshuka, na ngozi ngumu ya pembeni kukatwa na mtu aliyefundishwa, ndivyo vinavyofunga kidonda. Kikipata dalili mbili au zaidi kati ya uvimbe, joto, maumivu, usaha na wekundu unaozidi nusu sentimita kutoka ukingoni, hapo kimeambukizwa. Wekundu ukipita sentimita mbili, au kijiti safi kikiingizwa na muuguzi kikagonga mfupa, hiyo si kesi ya duka. Maambukizi ya mfupa yanaweza kuhitaji wiki 6 za dawa, na wiki 6 hazianzwi kwa kubahatisha.

Vidonda vya kifundo cha mguu kwa wenye selimundu navyo havitokani na uchache wa kapsuli. Kwa jumla, pima kidonda kwa rula au kwa uzi kila wiki, urefu na upana, andika. Kama baada ya wiki nne hakijapungua hata theluthi, achana na kubadilisha dawa, nenda upimwe sukari, mzunguko wa damu, kifua kikuu, VVU, na ikibidi kipande kikatwe kuangalia saratani. Ndivyo donda ndugu linavyoshindwa.

Akina mama waliojifungua kwa upasuaji wanatuuliza kila mara mbona hawakupewa dawa za kukausha. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba dozi ya kinga itolewe kabla ya kisu, ndani ya dakika 120, na isiendelezwe baada ya upasuaji kwa sababu tu ya kukinga. Dawa inatakiwa iwe ndani ya damu pale ngozi inapokatwa. Ikija kesho yake imechelewa. Kwa hiyo mama aliyeruhusiwa bila kapsuli hajadhulumiwa. Shemeji na mashangazi wasimnunulie.

Kuosha ndiko kunakofanya kazi ambayo watu wanaitegemea kwa kapsuli. Maji yanayofaa kunywa yanatosha. Ukitaka ya chumvi, chemsha nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa kwa kisu, funika, acha yapoe, na yakifika kesho yamwage. Kwa jeraha jipya lenye uchafu kadiria mililita 50 hadi 100 kwa kila sentimita ya urefu, yaani jeraha la sentimita 5 linakula robo lita hadi nusu lita. Maji yamiminwe kwa msukumo: bomba la sindano la mililita 20 linafaa, au chupa safi ya plastiki iliyotobolewa kizibo, ikabanwa. Usisugue kwa pamba, nyuzi zake zinabaki. Baada ya hapo gozi safi, na kama chanjo ya pepopunda imepitwa na muda, ikachomwe. Pepopunda haizuiwi kwa kapsuli.

Chakula tupitie haraka. Kolajeni haifungamani bila vitamini C, na nyama haioti bila protini. Dagaa, kunde, yai, na machungwa ya Muheza yakiwa msimu. Desturi ya kumnyima mwenye kidonda samaki na mayai eti yanaleta usaha ni ya kuachwa.

Kwa wenzetu wa maduka ya dawa muhimu, mnaruhusiwa kuuza baadhi ya antibayotiki, na hilo ni dhamana. Mwaka 2019 makadirio ya dunia nzima yalikuwa vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na usugu unaanzia kwenye kapsuli mbilimbili kama hizi. Mteja akisema "ya kukausha", muulizeni kidonda kina siku ngapi, kimetokana na nini, na kama ana kisukari. Mwambieni akionyeshe. Kikiwa kibichi na kisafi, mwuzieni gozi, plasta na kopo la chumvi. Kikiwa kimetoka baharini, kwenye meno, au kina zaidi ya wiki nne, mwelekezeni kituo cha afya.

Nawe Mhariri, tunakuomba jambo dogo. Gazeti likipokea tangazo la dawa "inayokausha vidonda vyote kwa siku tatu", kabla ya kulichapa, mwulize mwenye tangazo nambari ya usajili wa dawa yake TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Wako,
Wauguzi wa vidonda na mfamasia,
Tanga.